Jiko Linawaka, Chumba Hakipati Joto

Moto unauona kwenye kioo. Feni inavuma. Mfuko wa peleti umeufungua asubuhi hii hii. Lakini umekaa kwenye kochi, hatua nne tu kutoka kwenye jiko, umejifunika blanketi, na watoto wanafanya kazi za shule wakiwa wamevaa makoti.

Hilo ndilo tutakalolizungumza jioni hii, ndugu wasikilizaji: jiko la peleti linalowaka lakini halitoi joto. Nawalenga hasa ninyi mlioko Lewiston, Portland na kwingineko Maine, pamoja na majirani zenu wa New Hampshire na Vermont, ambako baridi ya Januari haina mzaha. Wengi wetu tuliotoka Uvira, Bukavu, Bujumbura au Kigoma tumeyakuta majiko haya ndani ya nyumba tulizopanga au kununua, yakiwa yameachwa na waliotutangulia, bila kitabu cha maelezo na bila mtu wa kutuelekeza. Tunabonyeza kitufe, moto unawaka, tunamshukuru Mungu. Siku joto likipungua hatujui pa kuanzia.

Mimi ni fundi wa majiko haya, na nitasema mapema ninachoamini ili asiye na muda aondoke nacho. Joto linapopungua, mara nyingi hakuna kilichoharibika, kuna kilichoziba. Na kabla hujatoa pesa kununua kifaa chochote, jiulize swali moja: joto langu halizalishwi, au linazalishwa kisha linapotea njiani? Hayo ni matatizo mawili mbali mbali, na ukilitibu moja kwa dawa ya lingine utazidisha hasara.

Kwa asiyelijua jiko lenyewe: peleti ni vidonge vya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa nguvu nyingi hadi ukashikamana wenyewe, bila gundi. Unene wake ni kama milimita 6. Hapa Marekani huuzwa kwenye mifuko ya ratili 40, yaani kilo 18, na mifuko 50 ndiyo wanayoiita tani. Maine ina viwanda vyake, huko Corinth, Strong na Athens, miji midogo ya porini yenye majina makubwa kuliko yenyewe. Wenzetu wa Goma na Gisenyi huenda wanazikumbuka peleti kwa namna nyingine, maana upande wa Rwanda kampuni ya Inyenyeri iliwahi kuwauzia watu peleti za kupikia, zikichomwa kwenye majiko madogo yenye feni. Shikeni hilo la feni. Peleti ni kuni zisizopenda kuachwa ziwake zenyewe. Lazima zisukumiwe hewa.

Ndani ya jiko la kupashia nyumba joto, peleti hukaa kwenye tangi. Chini ya tangi kuna parafujo ndefu inayozungushwa na mota ndogo kwa vipindi: inazunguka, inapumzika, inazunguka tena, na kila ikizunguka peleti chache hudondoka kwenye chungu cha chuma chenye matundu. Humo ndimo moto unamowaka. Feni ya kwanza huvuta moshi na kuutoa nje kwa bomba, na kwa mvuto huo huo hewa mpya hupenya kupitia matundu ya chungu na kuulisha moto. Feni ya pili haigusi moto kabisa. Kazi yake ni kupuliza hewa ya chumbani ipite kwenye mabomba ya chuma yaliyo juu au nyuma ya moto, irudi chumbani ikiwa na joto. Majiko ya namna hii yalianza kuenea hapa katika miaka ya 1980, na jina linalotajwa sana katika kuyabuni ni la Jerry Whitfield, mhandisi wa mambo ya ndege wa jimbo la Washington. Ukijua kwamba baba wa jiko hili alikuwa mtu wa ndege, hutashangaa kuona jinsi linavyotegemea upepo kwenda linakotakiwa kwenda.

Sasa tuje kwenye lalamiko. Mtu akinipigia simu kwamba jiko lake halitoi joto, namuuliza kwanza: mfuko mmoja unakutosha saa ngapi? Wengine hudhani nataka kuwauzia peleti. Lakini hakuna kipimo cha bei rahisi kuliko hicho, na hakihitaji kifaa chochote isipokuwa saa ya ukutani.

Hesabu yake ni hii. Kilo moja ya peleti nzuri ina nishati ya karibu kilowati-saa 5. Jiko lenye afya huipeleka chumbani asilimia 80 hivi, zinazobaki hutoka na moshi. Ukichoma kilo 2 kwa saa, chumba kinapata kilowati 8. Zile hita ndogo za umeme mnazochomeka ukutani hutoa kilowati 1.5, kwa hiyo jiko linafanya kazi ya hita tano na zaidi. Kwa mwendo huo mfuko wa kilo 18 huisha kwa saa 9. Lakini ukichoma nusu kilo tu kwa saa, chumba kinapata kilowati 2, yaani hita moja ya umeme na kipande. Mfuko wako utadumu saa 36, utafurahi kwamba unabana matumizi, na utatetemeka.

Kwa hiyo mtu akiniambia, "Fundi, mfuko unanipeleka siku moja na nusu, lakini jiko langu baridi," jibu tayari analo mdomoni. Jiko halili. Lisilokula haliwezi kutoa. Basi tutafute kwa nini halili. Na yule anayesema, "Mfuko unaisha kwa saa tisa na bado nasikia baridi," huyo peleti zake zinaungua, ila joto lake linakimbilia kwingine. Hawa wawili msiwape ushauri mmoja.

Tumshughulikie wa kwanza. Kabla ya kufungua chochote, tazama mpangilio wa jiko. Majiko mengi yana thamostati, na mengine yana kihisi kidogo kinachoning'inia kwa waya nyuma ya jiko kupima joto la chumba. Kihisi hicho kikining'inia karibu na chuma, kitapima joto la mgongo wa jiko, kitadhani chumba kimefika nyuzi zilizotakiwa, na jiko litashuka kwenye moto mdogo. Limetii amri tu. Vuta waya, kiweke mbali na jiko na mbali na dirisha, subiri saa moja. Nimewahi kukuta kihisi cha namna hiyo kimefungwa kwa gundi ya karatasi ubavuni mwa jiko, nadhani kwa sababu mwenye nyumba hakupenda kuona waya ukining'inia.

Kama mpangilio hauna kosa, nenda kwenye tangi. Peleti zinapobebwa na kutupwa tupwa hutoa unga, na unga huo hujikusanya chini ya tangi msimu mzima. Wewe unamimina peleti mpya juu yake kila siku, hujawahi kuona sakafu ya tangi tangu Oktoba. Unga ule hushindiliwa kwenye mdomo wa parafujo, parafujo inazunguka kama kawaida na sauti yake unaisikia, ila inabeba nusu ya mzigo wake. Wakati mwingine peleti hushikana na kutengeneza daraja: chini kuna shimo tupu, juu zimeegemeana kama hazina shida. Ndiyo maana nasema kila baada ya tani moja liache tangi liishe kabisa, zima jiko, chomoa waya wa umeme, lisubiri lipoe, kisha fyonza unga wote.

Urefu wa peleti nao una maneno. Parafujo haina mizani. Inapima kwa ujazo. Peleti fupi hujaa vizuri kwenye nafasi zake, ndefu huacha mapengo na kukwama kwama mlangoni. Ukibadilisha aina ya peleti na joto likapungua siku hiyo hiyo, usilaumu jiko. Fungua mfuko, mimina mkono mmoja mezani, angalia. Kama nyingi ni ndefu kupita sentimita mbili na nusu hivi, ongeza ulaji ngazi moja, basi.

Lakini hapo ndipo penye mtego, na nataka nikae hapa kidogo. Watu wengi wakiona baridi huongeza ulaji wa peleti moja kwa moja. Kitufe kiko mbele, ni rahisi. Moto unapanda, unakuwa mrefu, wa rangi ya chungwa iliyoiva, unayumba yumba mpaka kugusa kioo. Mwenye nyumba anaridhika: moto mkubwa! Ndugu zangu, moto ule ni mvivu. Ncha zake zinatoa moshi, kioo kinaingia weusi kabla ya siku kuisha, na chungu kinajaa peleti ambazo hazijaungua vizuri. Moto mzuri wa peleti ni mfupi, mkali, mweupe kuelekea njano, unarukaruka kwa haraka, na cheche ndogo zinapeperuka kutoka kwenye chungu. Ukiona moto mvivu, jua kinachokosekana ni hewa, wala si chakula. Ukiongeza chakula unaongeza masizi, masizi yanaziba njia ya moshi, hewa inapungua zaidi, na wewe unabonyeza tena kitufe.

Hewa inazibwa wapi? Anza na chungu chenyewe. Matundu yake hujaa majivu, na chini yake hutengenezwa donge gumu la rangi ya kijivu au kahawia linaloonekana kama kioo kilichoyeyuka. Donge hilo ni mchanga na madini yaliyokuwa kwenye mbao, hasa yanayoingia na magome. Moto mkali huyayeyusha, yakipoa yanaganda. Likwangue kila siku, wakati jiko limepoa. Kisha toa chungu, kiinue kwenye mwanga wa dirisha, hesabu matundu unayoweza kuyaona upande wa pili. Hapo ndipo mtu hugundua kwamba nusu ya matundu hakuwahi kujua kama yapo.

Baada ya chungu kuna njia ambayo macho hayaifikii. Moshi ukitoka kwenye chumba cha moto hupita nyuma ya kuta za chuma au matofali ya urembo, hushuka kwenye visanduku vya majivu, huingia kwenye feni ya moshi, ndipo hutoka kwenye bomba. Visanduku hivyo vimefichwa. Vina vifuniko vya skrubu mbili au vya kusukuma kwa kidole, na mtu anaweza kusafisha jiko kila Jumamosi kwa bidii, kioo kikang'aa, majivu ya mbele yakaisha, na asijue kamwe kwamba nyuma kumejaa mpaka juu. Usafi wa kioo haukuambii lolote kuhusu usafi wa njia ya moshi. Tafuta kitabu cha jiko lako. Namba ya modeli imebandikwa nyuma au ndani ya kifuniko cha tangi, na vitabu vingi vya maelezo vinapatikana kwenye intaneti bure. Tafuta mchoro unaoonyesha vifuniko vya kusafishia. Halafu nenda nje, fungua kile kifuniko cha chini cha bomba la moshi, na uangalie wavu au kofia ya bomba juu. Na lile tundu la kuingiza hewa kutoka nje usilisahau: theluji hulifunika, na wadudu hulifanya nyumba wakati wa kiangazi.

Wako wanaotumia mashine ya kupulizia majani ya bustani, ile yenye upande wa kuvuta: wanaifunga kwenye mdomo wa bomba huko nje, wanavuta, na jivu lote la msimu linatoka kama wingu. Njia hii inafanya kazi, sikatai. Ila jiko liwe limezimwa tangu jana, kusiwe na kaa hata moja hai, usisimame upande wa upepo unakokwenda, na mwambie jirani afunge dirisha. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi la zulia msiitumie kwenye majivu. Kaa dogo la moto huweza kuishi ndani ya majivu kwa saa nyingi, likiingia kwenye mfuko wa vumbi linawasha nyumba. Ziko mashine za kufyonza majivu, zina chombo cha chuma. Nunueni hizo.

Kamba ya mlango pia huiba hewa. Mlango wa jiko umezungushiwa kamba nene isiyoungua, na ikichakaa hewa inaingia pembeni badala ya kupita chini ya chungu, kwa hiyo moto unakuwa mvivu hata kama matundu yote ni safi. Weka noti ya dola moja mlangoni, funga, ivute. Ikitoka bila kugoma, kamba imekwisha. Jaribu pande zote nne. Kamba mpya ni bei ndogo na unaweza kuiweka mwenyewe kwa gundi yake maalumu.

Haya, tuje kwa yule wa pili, ambaye peleti zinaungua kwa mwendo mzuri na moto wake ni mkali, lakini chumba bado. Kwake joto linazalishwa. Limekwama, au linatoka na moshi.

Bibi zetu walifukia makaa kwenye majivu usiku, na alfajiri wakayafukua yangali mekundu. Majivu hayapitishi joto. Elimu hiyo tumezaliwa nayo, ila hatuihamishii kwenye jiko la Marekani. Yale mabomba ya chuma ambayo moto unayachoma kwa chini na hewa ya chumba inapita ndani yake, yakifunikwa na majivu, joto linashindwa kuvuka ukuta wa chuma, linaendelea na safari yake kwenye bomba la nje. Unawapasha joto ndege wa Maine. Majiko mengi yana fimbo ndogo yenye kishikio juu ya mlango au katikati ya mabomba hayo. Kazi yake ni kuvutwa na kusukumwa ili bamba la ndani likwangue majivu. Nimekuta watu waliokaa na jiko miaka wakidhani ni pambo. Lisipokuwa na fimbo hiyo, tumia brashi ngumu.

Kisha kuna feni ya pili, ile ya chumba. Inavuta hewa karibu na sakafu, ambako kuna vumbi la zulia, manyoya ya paka na nyuzi za blanketi. Vile vipanga vyake vidogo vidogo vilivyopangwa kwa duara hujaa uchafu mpaka vinakuwa bapa, na feni inazunguka, inavuma, haisukumi kitu. Na hapa hutokea jambo ambalo mtu asipoelezwa hawezi kulibahatisha. Hewa isipopita, joto hubaki ndani ya chuma, chuma kinapata joto kupita kiasi, swichi ya usalama inakata parafujo isimwage peleti, moto unashuka, chuma kinapoa, swichi inaruhusu tena. Moto unapanda na kushuka mchana kutwa. Mwenye nyumba anaona moto mdogo, anasema jiko halili, ananunua mota ya parafujo, anabadilisha, hali ni ile ile. Kumbe jiko lilikuwa linapunguza moto kwa sababu lilikuwa limezidiwa na joto ambalo yeye chumbani hakulipata. Brashi ya rangi na mashine ya kufyonza vingemaliza kazi ile kwa dakika ishirini. Kuna mafundi, sitawataja, ambao katika hali kama hiyo huanza kwa kukuuzia bodi ya umeme, maana bodi ndiyo ghali.

Unaweza kujua kama joto linatoka na moshi bila kubahatisha. Weka kipimajoto kwenye tundu linalotoa hewa ya moto chumbani, na kingine cha sumaku kwenye bomba la moshi, pale lilipo bomba la ukuta mmoja karibu na jiko. Fanya hivyo siku jiko limetoka kusafishwa, andika namba zote mbili kwa moto wa juu, zibandike ukutani. Siku hewa ya chumba ikiwa imeshuka na bomba limepanda, umepata jibu: mabomba ya ndani yamefunikwa, au feni ya chumba haisukumi. Vikishuka vyote pamoja, rudi kwa yule wa kwanza: jiko halili, au moto haupati hewa.

Sijasema kitu kuhusu ubora wa peleti, na najua kuna wanaosubiri. Sisi tuliokulia kwenye mkaa tunaamini mti mgumu ndio wenye joto, na kwa mkaa na kuni imani hiyo ina msingi, kwa sababu mti mgumu ni mzito. Kwenye peleti mambo yanabadilika. Mashine imeshindilia unga wote, laini na mgumu, kwa uzito unaokaribiana. Kilo kwa kilo, peleti za misonobari mara nyingi hutoa joto kidogo zaidi, kwa sababu ya utomvu wake, na huacha majivu machache. Msilipe pesa za ziada kwa sababu tu mfuko umeandikwa mti mgumu. Tazameni majivu: zile nzuri hazizidi asilimia 1. Na unyevu: peleti nzuri zina unyevu chini ya asilimia 10, wakati kuni mbichi huweza kuwa nusu yake ni maji. Mifuko ina vitundu vidogo vya hewa, kwa hiyo ukiilaza moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji ya chumba cha chini, inanyonya unyevu. Peleti iliyoloa huvimba, inakuwa unga, na unga mwenyewe umeshasikia kazi yake. Ipangeni juu ya mbao.

Baada ya yote hayo, inawezekana jiko ni zima kabisa na nyumba ndiyo inayovuja. Februari 2023 upepo wa kaskazini ulishuka huku kwetu, na kwenye kilele cha Mount Washington, New Hampshire, baridi ikichanganywa na upepo ilipimwa kuwa nyuzi 108 chini ya sifuri za Farenhaiti, yaani 78 chini ya sifuri za Selsiasi. Hatuishi kileleni, lakini usiku ule hata huku chini nyumba za zamani za mbao za Lewiston, zenye madirisha ya kioo kimoja, zilikuwa zinapoteza joto kwa kasi ambayo jiko moja la kilowati 8 haliwezi kuifukuza. Jiko la peleti limekusudiwa kupasha chumba lilipo na vile vilivyo wazi kuelekea kwake. Vyumba vya kulala vilivyofungwa mlango, ghorofa ya juu mwisho wa korido, hivyo halina njia ya kuvifikia. Feni ndogo ya mezani iliyowekwa sakafuni kwenye chumba cha baridi, ikipuliza hewa baridi kuelekea kwenye jiko, husaidia kuliko ile inayopuliza hewa ya moto kutoka kwenye jiko. Hewa baridi ni nzito, inakubali kusukumwa chini, na ya moto hupita juu kuziba pengo. Jaribuni usiku huu. Na mkiwasha feni ya jikoni ya kutoa harufu pamoja na mashine ya kukaushia nguo, mjue zote zinatoa hewa nje ya nyumba na kushindana na feni ya moshi ya jiko, hasa kama jiko halina bomba lake la kuvuta hewa ya nje.

Kwa wapangaji, neno moja la haki. Kama mkataba wako unasema joto linatolewa na mwenye nyumba, sheria ya Maine inamtaka awe na mtambo unaoweza kufikisha nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi, ndani ya nyumba. Zungumzeni naye mapema, na mkubaliane kwa maandishi nani anasafisha nini. Kukwangua chungu ni kazi ya kila siku ya anayekaa humo. Kufungua feni ya moshi na kupiga brashi bomba lote, angalau mara moja kwa mwaka, ni kazi ya kumwita fundi na kumlipa.

Na la usalama. Nyuma ya jiko kuna swichi ndogo yenye bomba jembamba la mpira, inayopima mvuto wa moshi. Njia ikiziba, swichi hiyo inazuia parafujo. Wapo wanaoiunganisha waya moja kwa moja ili jiko liendelee kuwaka. Jiko litawaka, ndiyo, na hewa yenye kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, itaanza kuingia mnapolala. Kila nyumba yenye jiko iwe na king'ora chake cha hewa hiyo karibu na vyumba vya kulala, chenye betri nzima. Kikilia, tokeni nje kwanza, halafu ndipo mpige simu 911.

Ukifika mahali pa kumwita fundi, usimwambie tu kwamba jiko ni baridi. Mwambie mfuko unaisha kwa saa ngapi kwenye moto wa juu. Mwambie moto ni mfupi na mkali au mrefu na mvivu, unakaa sawa au unapanda na kushuka. Mwambie namba za vipimajoto vyako, na lini mara ya mwisho vile visanduku vya nyuma vilifunguliwa. Akikutajia bei ya bodi kabla hajauliza hata moja kati ya hayo, mshukuru kwa adabu na umpigie mwingine.